Waliimba Kwamba Niko Chuoni

Jumatatu, 12 Januari
Maktaba tangu asubuhi. Takwimu tena. Ukurasa mmoja saa nzima, sijaambulia kitu.

Mchana wamebandika alama za testi. Takwimu: sifuri, sifuri. Nilijua, maana sikuzifanya zote mbili. Ila kuziona mbele ya namba yangu kumenimaliza nguvu. Watoto wa miaka ishirini walikuwa nyuma yangu wanasoma. Nikajifanya natafuta namba nyingine.

Jumanne, 13 Januari
Neema, binti ninayekaa naye chumbani, amenifafanulia kanuni za chuo. Anazijua zote, kama zilitungwa kwao. Mwaka wa kwanza nilivuka kwa sapu mbili, mitihani ya marudio, na wastani wangu ni wa kushikilia kwa kucha. Nikiingia mtihani wa takwimu bila alama za testi, naanguka. Nikianguka, nadisko. Aliyedisko anakaa nje miaka miwili, ndipo anaomba upya, na akikubaliwa anaanza mwaka wa kwanza. Lakini anayeomba mwenyewe kuahirisha kabla ya mitihani anarudi mwakani, anaendelea alipoachia. Mwisho wa kuomba ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Alikuwa anatafuna bigijii akieleza. Kwake ni stori tu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina watoto wawili mapacha, mwajiri amenipa ruhusa ya kusoma. Aliyefukuzwa chuo hapewi ruhusa ya pili. Naogopa.

Jumatano, 14 Januari
Uji tu leo. Kingine sijagusa.

Ijumaa, 16 Januari
Nimekwenda kwa mshauri wa masomo. Mpole, afadhali angefoka. Kauliza kwa nini nilikosa testi zote mbili. Nikasema udhuru wa kifamilia. Udhuru gani?

Ningemwambia nini? Kwamba kule Didia, kijijini kwa mume wangu, kikundi cha kulima kikija kwenye shamba lako, mwenye shamba lazima awepo, apike mwenyewe, apeleke chakula mwenyewe shambani? Ukimtuma mtu wanaweka majembe chini, na mwaka mzima unasemwa. Siku ya kulima iliangukia testi ya kwanza. Siku ya kupanda, testi ya pili. Mara zote mbili nilipanda basi nikaenda kusonga ugali. Nilijiambia testi hurudiwa. Mwalimu mzima nimejidanganya kama mwanafunzi wa darasa la tatu.

Sasa anasema sababu ya kifamilia lazima ithibitishwe na mtu wa familia. Mume wangu, Baba Kulwa, yuko machimboni Geita. Akiwa duarani, chini ya shimo, simu yake haipatikani, na haieleweki atatoka lini. Amebaki mama mkwe.

Ndiye mwenyekiti wa kikundi.

Jumapili, 18 Januari
Kanisani sikusikia neno. Neema amejitolea kujifanya wifi yangu, atie sahihi, yaishe. Kacheka. Mimi sikucheka. Nimelifikiria kutwa nzima, na kinachonitisha ni jinsi linavyoonekana rahisi.

Jumanne, 20 Januari
Mama mkwe amepiga simu. Alhamisi kikundi kinakuja kupalilia kwangu, nisikose. Hakungoja nijibu.

Nimemwambia Neema hapana kuhusu ile sahihi.

Alhamisi, 22 Januari
Didia. Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la michembe, viazi vilivyokaushwa, miguu ina matope.

Nilifika kabla hawajaingia shambani. Mama mkwe alikuwa anapuliza moto. Shikamoo, marahaba, Kulwa na Doto hawajambo, wameenda shule. Nikachutama pale pale nikasema yote, testi zile mbili, siku zile mbili, kanuni, na kwamba kesho ndiyo mwisho. Nilingoja aseme nimewaaibisha. Nilingoja aseme arusi yangu ilikuwa makosa.

Aliongeza kuni hadi sufuria ikaanza kuchemka. Kisha:

"Kwa nini hukusema?"

Nikasema niliogopa kuvunja siku ya kikundi.

"Siku tunabadilisha, ng'wanone, mwanangu. Juzi tumebadilisha kwa sababu Mama Shija alikuwa anaumwa jino. Jino! Wewe mtihani unatuficha?"

Hapo ndipo nilipolia. Miezi yote hii nimeogopa mlango ambao haukuwa na komeo.

Hakunibembeleza. Kaniamuru nichukue mwiko, ugali haujisongi. Baada ya kula ndipo akaweka dole gumba kwenye karatasi ya uthibitisho, akalikandamiza kama anaua kiroboto. Halafu akaanza kulalamika. "Kwa hiyo mwakani tena tukulimie? Basi uandae nyama. Mlenda tumechoka."

Mwakani. Hata hakuuliza kama nitarudi.

Ijumaa, 23 Januari
Nimewahisha ombi kabla ofisi haijafungwa. Karani kagonga muhuri, kasema kikao ndicho kitakachoamua. Mshauri ataniunga mkono, nimemweleza habari ya kikundi na hakucheka. Nikikubaliwa narudi mwakani, na nitarudi kituoni kufundisha wakati nangoja. Nikikataliwa sijui. Bado naogopa, ila leo nimekula wali na maharage, sahani nzima.

Jumamosi, 24 Januari
Didia tena. Zamu ya shamba la Mama Shija. Mara hii sikuja kupika, nimeshika jembe. Mama mkwe kaniweka mwisho wa mstari, kwa walegevu.

Kuna wimbo wao wa palizi unaotaja watu. Tangu nianze masomo nimo: mwenzetu yuko chuoni, tumlimie asirudi na njaa. Nilipousikia unakaribia kunifikia, nilisahau kuitikia. Wote walishajua kwamba nimeomba kuahirisha. Nikainamia majani, nikingoja kusikia watakavyoyageuza maneno.

Hawakuyageuza. Waliimba vilevile, niko chuoni, nami nimesimama palepale mbele yao na jembe lenye matope.

Nikaitikia. Tulimaliza mstari ule kabla jua halijawa kali.