Sindano Kwenye Kumi na Nne

Jumatatu, 8 Juni
Geji ya kupima mvuto wa upepo imeninunia tena. Nimeichomeka kwenye manifodi, bomba la kuingizia upepo kwenye injini, injini iko sailensa, inanguruma bila kukanyagwa mafuta, sindano imetulia kumi na nne. Chuoni Dar injini nzima ilisoma kumi na tisa. Basi kuna mahali inavuta upepo. Nimebadilisha gasketi mara ya pili. Bado kumi na nne.

Gari ni la baba mdogo Leonsi. Jumamosi anampeleka mama mdogo Mbeya, operesheni ya tumbo. Kwa basi hawezi, mtikisiko unamuumiza. Na gari likianza kupanda mlima linaishiwa nguvu, turbo inalia tu. Ni injini yangu ya kwanza kuifunga peke yangu. Naona aibu.

Jumanne, 9 Juni
Baridi. Vidole havikunjiki. Nimepuliza dawa ya kabureta kwenye kila mpira na kila kiungo cha manifodi. Mlio haukubadilika hata kidogo. Maana yake hakivuji kitu. Sikubali. Fundi Edo wa hapa gereji anasema labda geji ina kijicho na wanawake. Nimecheka kwa shida.

Jumatano, 10 Juni
Nimefungua. Nimefunga. Sitaki kuandika.

Alhamisi, 11 Juni
Baba mdogo kaja na gari la kuazima, la Mzee Salum mwenye duka. Kasema taratibu, "Skola mwanangu, sijakukatia tamaa. Ila nina mgonjwa."

Imeniuma. Na hajakosea, ndiyo maana imeuma zaidi. Nikaomba nilipime hilo la kuazima. Gari zima kabisa, kila wiki linapanda kutoka Kipili ziwani na magunia ya dagaa. Sindano ikasimama kumi na nne.

Mpumbavu mimi. Dar ni usawa wa bahari. Huku tuko juu, hewa nyepesi, hakuna injini itakayosoma kumi na tisa. Mfipa mzima nimezaliwa huku, nimesahau niko wapi. Nimehangaika na tundu lisilokuwepo.

Ila nguvu zinapotea kweli. Kama manifodi ni nzima, basi panavuja kabla yake, kwenye mipira ambayo turbo inasukumia upepo. Geji yangu haioni huko.

Ijumaa, 12 Juni
Nimeziba mdomo wa turbo kwa kifuniko cha kopo, nikaingiza upepo wa kompresa kidogo kidogo, nikapaka povu la sabuni. Mpira wa chini kabisa, umepasuka chini ya klempu, ile pete inayoukaza. Povu likachemka. Nimefurahi peke yangu kama kichaa. Nimefunga mpira mwingine.

Baba mdogo akafika kabla sijalijaribu gari barabarani. Nikamweleza yote, hata upumbavu wangu. Akauliza, "Ungempandisha mama yako mdogo humu?" Nikasema ndiyo, ila asubiri nijaribu. Hakusubiri. Akaenda kumrudishia Mzee Salum gari lake.

Nimeogopa. Nimeliendesha hadi Kaengesa na kurudi, halafu tena. Linavuta vizuri kila mlima. Bado naogopa.

Jumamosi, 13 Juni
Wameondoka alfajiri. Sikufanya kazi yoyote ya maana. Simu kimya.

Jumapili, 14 Juni
Baba mdogo kapiga nikitoka misa. Mtandao ulisumbua jana. Mama mdogo kalazwa, kesho wanamfanyia operesheni. Nikauliza gari. Akasema, "Mama yako mdogo alilala njia nzima, hata milimani."

Nimekaa kwenye ngazi za kanisa. Jua lilikuwa limeanza kupasha joto.