Kazi Zilizobaki kwa Jina la Justin

Jumatano. Mvua ndogo tangu asubuhi, ile isiyolowesha nguo lakini inayojaza viatu tope jekundu. Moyo wangu ni mzito.

Leo nimekwenda mtaa wa Rwambuzi kumwomba mama mfiwa ruhusa ya kugusa kazi za mwanawe.

Nieleze, maana si wote wanaosoma hapa wanaojua shughuli zetu. Katika ofisi yetu ndogo ya mtaa wa Saio, hapa Bunia, vijana wanaandika programu za simu. Mimi, niliyefundisha hesabu hadi kustaafu, natunza orodha ya kazi zinazosubiri: wateja wanaomba nini, kipi kianze, kipi kingoje. Kila ombi nalitazama na kujiuliza, je, hili linatupeleka kule kampuni inakokwenda? Kama halitupeleki, hata likiwa zuri, linatoka. Watu wachache hawawezi kujenga kila kitu.

Madame Solange, mkurugenzi wetu, ameshaamua tunakokwenda. Sasa tunawahudumia wasafirishaji wa barabara ya Aru, wanaopitisha mizigo mpakani. Wanataka kufuatilia mizigo yao hata pasipo na mtandao. Ijumaa wanakuja kuona tumefika wapi. Wasipoona kitu, watapeleka kazi yao Kampala, na sisi tutafunga ofisi. Madame hakutuficha hilo.

Na kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Justin, mwana wa mama huyo.

Justin aliugua juma moja tu, tukamzika. Kwetu, vitu vya marehemu havigawanywi kabla ya siku ya kuondoa matanga. Shati lake linabaki kwenye msumari, kitanda chake hakilaliwi. Siku hiyo haijafika bado, kwa sababu kaka yake mkubwa, anayeendesha lori upande wa Aru, hajapata njia ya kuja. Hakuna aliyetoa amri ofisini, lakini kazi zenye jina la Justin zimekuwa kama shati lile. Kila tunapopanga kazi za juma, tukifika kwenye jina lake tunaliruka.

Neema, aliyekaa naye meza moja, ndiye anayeweza kuimalizia kazi ya wasafirishaji. Nilipomwambia aichukue, aliangalia chini.

"Muzee, niguse kitu ya marehemu namna gani? Mama yake hajasema."

Sikumkaripia. Mimi mwenyewe ningejibu hivyo.

Kule Rwambuzi nilimkuta Mama Justin akiosha mitungi yake ya maziwa. Nikaeleza kama nilivyozoea kueleza, kuanzia mwanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Muzee, weye unazunguka sana," akasema. "Sema tu munataka kufanya kazi ya mutoto wangu."

"Ndiyo, mama. Neema ataimalizia."

"Yule wa kucheka kila saa?"

"Siku hizi hacheki."

Akachukua mtungi mwingine. "Basi afanye. Kaka yake nitaongea naye. Justin hakupenda kazi ilale." Kisha akaniangalia. "Na ile yangu?"

Nilijua angeuliza.

Justin alikuwa ameandika ombi lake mwenyewe kwenye orodha: simu isome kwa sauti, kwa Kiswahili cha hapa Bunia, lita ambazo kila mteja amechukua, ili kuwasaidia akina mama wauza maziwa wasiojua kusoma. Alikuwa amemwahidi mama yake. Ni ombi zuri kuliko mengi niliyowahi kupokea, na halihusiani kabisa na barabara ya Aru.

Ningeweza kusema linasubiri. Chini kabisa ya kila orodha pana mahali pa adabu, tunapoweka maombi ambayo tunajua hatutayafanya kamwe, ili tusimwambie mtu hapana. Sisi wazee tunasamehewa uongo huo wa adabu kuliko wengine. Lakini huyu mama angeniuliza kila Jumapili tukitoka kanisani, na kila Jumapili ningemdanganya.

"Ile tunaitoa, mama. Hatuna watu wa kuifanya."

Hakulia. Aliinamisha mtungi, maji yakatoka yote.

"Mutaitoa lini?"

"Kesho."

"Siku ya kugawa nguo zake nitakuwa pale, niangalie kila moja inaenda kwa nani. Na hii pia, nitakuja niangalie."

Nikamwambia hakuna cha kuangalia. Ni mistari miwili ya maandishi kwenye kompyuta, kidole kinabonyeza, imekwisha.

"Ni yeye aliandika?"

"Ni yeye."

"Basi iko kitu ya kuangalia."

Niliporudi ofisini nilimpa Neema jibu. Alifuta macho, akafungua kazi ile ya kufuatilia mizigo, akaliacha jina la Justin mahali pake na kuandika lake chini yake. Utaratibu wetu ni jina moja kwa kila kazi. Sikumsahihisha.

Sina shaka na uamuzi wetu. Darasani ningeufundisha vilevile, kwa chaki, na kuuliza kama wote wameelewa. Leo kuuelewa hakunisaidii.

Kesho asubuhi Mama Justin atakaa kwenye kiti cha mwanawe, maana hakuna kingine kilicho wazi. Hajui kusoma. Ataniomba nimsomee maneno yale kabla hayajaondoka, nami nitamsomea kwa sauti, polepole, kwa Kiswahili chetu cha hapa. Akisema nirudie, nitarudia.

Kisha nitabonyeza mwenyewe. Sitamwachia kijana yeyote.