Majani ya Mtoni

Kilakala,
Morogoro.
14 Juni 2025

Kaka yangu mpendwa Gabrieli,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Cecilia, na lile goti lako la kushoto liwe limetulia tangu mvua zilipokatika. Sisi huku hatujambo. Baridi ya Juni imeshuka, asubuhi mlima hauonekani kabisa kwa ukungu, na nyumba nzima tunakohoa kwa zamu. Mpwa wako Glory anakuamkia sana. Ndiye atakayekukabidhi barua hii mkononi, maana anakuja huko Turiani kwenye harusi ya rafiki yake. Usimwache arudi bila mchele, ameshaahidi watu.

Najua utaigeuza bahasha hii mara mbili ukijiuliza nani anaandika barua siku hizi. Kaka, kila nikikupigia simu na kugusa habari za kwetu Kinole, mtandao wa Turiani unakatika. Nikirudi kwenye habari za mpunga, mtandao unatengemaa. Mwezi wa tatu nilitamka neno ng'ombe tu, ukasema kuna mtu anabisha hodi. Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na mbili, namjua mtu anayekwepa swali. Kwa hiyo nimeamua kuandika, na nakuomba kwa heshima zote usome mpaka mwisho.

Nimestaafu, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba sitaki kufungua duka wala kujenga vyumba vya kupangisha kama wenzangu. Nataka kununua shamba la ng'ombe wa maziwa, na nataka lisimamiwe na wewe. Nilipomwambia Glory alicheka, akasema mama unataka kumtoa mzee wa watu kwenye miwa umpeleke kwenye mavi ya ng'ombe. Nikamwambia hamjui mjomba wake. Mimi nakukumbuka ulivyokuwa ukimkamua ng'ombe wetu Sista huku umeegemeza paji la uso ubavuni mwake, unamwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na yeye ametulia kama yuko misani.

Juzi nimemsimulia Glory habari za Sista, na nilipoanza sikuweza kunyamaza. Nilimweleza jinsi Padre alivyoleta ng'ombe wale sita wa mradi, na jinsi kijiji kizima kilivyopanda kutazama. Mama alipoona yule wetu, mweusi mwenye baka jeupe kichwani kama kitambaa cha mtawa, akamwita Sista hapo hapo, kisha akatukataza tusimwite hivyo mbele ya masista wenyewe. Nilimweleza harufu ya maziwa yaliyochemka na mdalasini, na ule utando wa juu tuliougombea mpaka mama akaamua kuula yeye. Nilimweleza sharti la mradi pia, kwamba ndama jike wa kwanza si wako, unampa jirani anayefuata. Jirani yetu alikuwa Bi Maimuna. Sista alitangulia kuzaa dume, lakini Bi Maimuna alishajenga banda kabla hata ya mimba ya pili, na kila jioni alikuwa anapita kumsalimu Sista kama mkwe. Kaka, nilipokuwa nasimulia nililia. Sijui kama ni uzee au ni nini.

Sasa nikueleze nilivyohangaika. Rafiki yako Luqmani, yule uliyecheza naye mpira, mwanawe amekuwa daktari wa mifugo hapa mjini, naye anaitwa Luqmani kama baba yake. Kijana ana adabu lakini hana subira na watu wanaonunua shamba kwa macho. Shamba la kwanza nililolipenda lilikuwa kule tambarare, karibu na njia ya kwenda mnadani. Banda la saruji, kisima, nyumba ina mabati mapya. Nilishaanza kupanga mahali pa kuweka kiti changu. Luqmani hakuangalia hata banda. Alikwenda kwa jirani, akaomba maji ya kunywa, akakaa kuzungumza, akarudi na habari kwamba mwaka jana eneo lile liliwekwa karantini miezi mitatu kwa ugonjwa wa miguu na midomo, na kwamba makundi ya ng'ombe wa mnadani hupita hapo kila wiki yakinywa maji pale pale. Mwenye shamba alikuwa amesahau kutuambia. Tuliondoka tukiwa tumekula chakula chake, hiyo ndiyo aibu niliyoipata.

La pili lilikuwa pembezoni mwa pori, nyasi zimefika kiunoni, kijani mpaka macho yanauma. Nikasema hapa ng'ombe watanenepa. Luqmani akanionyesha mbung'o watatu, wale inzi wanaoua ng'ombe, waliotua kwenye mlango wa gari tukiwa bado hatujashuka. Hatukushuka.

Basi nikafanya nilichokuwa nakikwepa, nikapanda Kinole na Luqmani. Wewe umekuja mara moja tu tangu uondoke, siku ya mazishi ya mama, ukasimama nyuma kabisa na ukashuka kabla ya chakula, kwa hiyo hukuona. Michungwa ya mjomba Wilfred imezeeka, lakini mikarafuu imeshika vizuri, na njiani kila nyumba imeanika pilipili manga kwenye mkeka. Juu ya kijiji, njia ya kwenda Tegetero, Hatibu anauza shamba lake. Ni huyu huyu Hatibu mtoto wa Bi Maimuna. Watoto wake wako Dar, hawataki kusikia habari za mlima, na yeye mgongo umemshinda. Ana ng'ombe wanne, matuta yake yote ameyapanda majani ya guatemala na mabingobingo, maji yanashuka kwa bomba kutoka kwenye chemchemi. Ng'ombe wa tambarare hawapandi huko. Kila mmoja wa wale wanne ana hereni sikioni ya chanjo ya ndigana, ile homa inayoletwa na kupe. Hatibu akatutania kwamba tumekuja kununua ng'ombe ambaye tulipaswa kumpa mama yake bure. Walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikajifanya naangalia bomba la maji.

Luqmani alizunguka banda lile kwa muda mrefu, halafu akamwuliza Hatibu swali moja tu, kwamba majani yake anayakata wapi. Hatibu akaonyesha matuta yake. Luqmani akaridhika. Tulipokuwa tunashuka nilimwuliza kwa nini ameuliza hilo, wakati ng'ombe wanashinda bandani na hawakanyagi popote. Akaniambia kwamba hapo ndipo watu wa milimani wanapokosea. Wanadhani ng'ombe akifungiwa bandani kupe hawezi kumfikia, kumbe kupe hapandi mlima kwa miguu yake, anabebwa kichwani ndani ya mzigo wa majani. Ukikata majani mahali walipolala ng'ombe wagonjwa, akasema, unakuwa umempelekea ng'ombe wako ndigana mezani, na hata ukimwogesha dawa kila Jumamosi, kupe aliyeingia Jumapili ana wiki nzima ya kufanya kazi yake. Nilimwomba asimame, nikakaa juu ya jiwe. Alidhani ni presha.

Kaka Gabrieli, sasa nakuomba ukae na wewe.

Unakumbuka mwaka ule Askofu alipokuwa anakuja kutoa kipaimara, nami nilichaguliwa kuimba sauti ya kwanza. Mazoezi yalikuwa saa kumi. Majani ya Sista nilipaswa kuyakata juu, kwenye kigongo, saa nzima kupanda na nusu saa kushuka na mzigo. Mjomba Wilfred alishatukataza majani ya mtoni. Alisema ni ya ng'ombe wa bucha, wale waliokuwa wakiletwa kutoka tambarare na kufungwa pale ukingoni siku mbili tatu wakisubiri kuchinjwa. Hakusema kwa nini, alisema tu ni marufuku. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilitaka kuimba. Kwa wiki nzima, kaka, nilikata majani ya mtoni. Yalikuwa mazito na mabichi kwa sababu ya mbolea ya ng'ombe wale. Nilibakiza machache ya kigongoni niliyoyakata Jumamosi, nikawa nayafunga juu ya mzigo ili mama akiutua aone ya juu. Sista aliyapenda kuliko yote.

Wiki ya tatu ndipo matezi yalipomvimba chini ya masikio. Akakohoa, akaacha kula, povu likamtoka puani, akafa na ndama tumboni, na Bi Maimuna akaja kulia kwetu kama kwenye msiba wa mtu. Mjomba akafunua masikio ya Sista akakuta kupe. Akakuuliza kama ulimwogesha dawa, ukasema ulimwogesha kila Jumamosi, ukaapa. Kisha akaliona lile shati lako jipya la mistari, na wote wakajua, au walidhani wanajua, kwamba dawa uliiuza. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilijua umemwogesha, maana ni mimi niliyekushikia ndoo. Nilijua shati lile umelipata kwa kubeba machungwa ya watu wiki tatu mpaka kwenye lori. Sikufungua mdomo. Mjomba alisema mtu aliyeshindwa kulinda ng'ombe mmoja hawezi kukabidhiwa ardhi ya ukoo, ambayo kwa mila yetu ingetoka kwake kuja kwako, na wiki ile ile ukashuka kwenda kukata miwa ya watu Turiani.

Wakati ule sikujua habari za kupe, na ningeweza kujificha hapo. Lakini nilijua nimevunja marufuku, na nilijua wewe huna kosa. Nilikwenda kuungama kabla ya kipaimara. Padre alinipa sala za kusali, akaniambia nikuambie wewe na mjomba. Sala nilizisali. Hilo la pili limenichukua miaka arobaini na tatu.

Nimelia sana kabla ya kuandika maneno haya, na siyaandiki ili unihurumie. Kijana wa miaka kumi na saba alisema kweli na hakuna aliyemwamini, na aliyeweza kumtetea alikuwa dada yake. Nisamehe kaka. Kama huwezi sasa, nitangoja.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikwenda kwa mjomba. Haoni vizuri tena, lakini masikio yake ni mazima. Nilipiga magoti nikamweleza yote, kuanzia mazoezi ya nyimbo mpaka jiwe nililokalia mbele ya Luqmani. Chai yake ilipoa bila kuguswa. Halafu akaniuliza kuhusu lile shati. Nikamwambia ni la machungwa. Akasema basi alimfukuza mtoto wa dada yake kwa shati alilolipata kwa jasho lake. Akafuta macho kwa kofia yake, kaka, na mimi sijawahi kumwona mjomba akilia, hata siku ya mama.

Jioni ile aliwaita wa ukoo wote waliokuwa karibu, akataka niseme tena mbele yao. Nilisema. Wengine walinitazama vibaya, na wana haki. Mjomba akatangaza kwamba mtoto wa dada yake wa kumrithi ni Gabrieli, kama ilivyopaswa kuwa siku zote, na kwamba hataki kusikia jina lingine. Ameniagiza nikuandikie kwa mkono wangu, kwa sababu kosa ni langu na mkono ninao. Anasema yeye hawezi safari ya Turiani, na anakuomba wewe upande kabla hajafa. Nimeandika kama alivyosema. Amesema anakuomba.

Kwa hiyo kuna mambo mawili, naomba usiyachanganye. Jina lako limesafishwa, uje usije, unisamehe usinisamehe, hilo limekwisha. Shamba ni jambo lingine. Hatibu ananingoja mpaka mwisho wa mwezi huu, kuna mtu wa mjini anataka kujenga nyumba ya wageni pale juu. Nimeshamwahidi Hatibu kwamba ndama jike wa kwanza atakayezaliwa atakwenda kwa binti wa dada yake, Yasmin, aliyebaki na lile banda la Bi Maimuna. Lakini bila wewe sitanunua. Si kwa kukutega. Ni kwamba sioni nani mwingine wa kumwimbia ng'ombe akatulia.

Msalimie sana wifi Cecilia, na umwombe radhi kwa niaba yangu, maana ameolewa na huzuni ambayo hakukijua chanzo chake. Mjomba anakusalimu, Hatibu anakusalimu, Luqmani mkubwa anasema bado anadai lile goli ulilomkatalia. Mungu akulinde kaka.

Ukija, njoo mikono mitupu. Wewe utamwogesha ng'ombe, na hakuna atakayekuuliza kama umemwogesha. Majani nitakata mimi, ya juu.

Ni mimi mdogo wako,
Scholastika