Mzee Ombui na Mlango Wangu

Alhamisi, 4 Aprili 1968
Gari la sinema lilikuja Birongo jana jioni kutangaza sabuni. Baada ya sabuni wakaonyesha picha ya mzee aliyefiwa na mkewe, akahamia kwa mwanawe. Maneno hatukuyaelewa, lakini yule mwigizaji! Alimlisha mjukuu uji kwa kijiko, na mkamwana akamwongezea chai. Basi, hakuna kingine. Nililia mpaka leso ikalowa. Baba mkwe, Mzee Ombui, alikuwa nyuma, upande wa wanaume. Picha ilipoisha, akabeba kiti chake akaenda zake.

Ijumaa, 5 Aprili
Mzee ametoa neno! Asubuhi, akiwa uani, uso ameuelekeza migombani kama heshima inavyotaka. Kuanzia sasa atakula kwetu. Ndani! Eti tangu mama mkwe afariki anakula ugali umepoa, peke yake, na mzee wa sinema amemfumbua macho. "Hata wewe, ng'ina Kemuma, ulilia. Mimi niliona." Ndivyo anavyoniita, mama wa mwanangu Kemuma.
Nililia sinema jamani, sikutoa mwaliko!
Hapa kwetu baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe. Ni chinsoni, heshima ya kuoneana haya. Hata mvua ya mawe ikimpiga, atasimama nje. Huu mwaka wa nne nimeolewa hapa na hajawahi kuona meza yangu. Sahani yake naiweka kwenye kibaraza chake, nabisha hodi, natoroka.

Jumamosi, 6 Aprili
Baada ya kanisa nikashikwa na Bathsheba, mke wa ndugu yake Mzee. Kumbe habari imeshamfikia. Anasema Mzee akivuka kizingiti, atakayesemwa si yeye, ni mimi. Mwanamke gani huyo, anaonwa jikoni na baba mkwe? Wazee wataitwa, mbuzi wa kututakasa atachinjwa, na mama yangu kule Nyamira atasikia kabla ya Sabato nyingine.
(Naandika Kiswahili kwa sababu Bathsheba husoma Kigusii chote anachokiona, hata cha wenyewe.)

Jumapili, 7 Aprili
Ogari amekuja kutoka kazini Kericho. Nikafikiri sasa mume wangu atayamaliza haya maneno. Amesikiliza, amekuna kichwa, amesema hayo ni yangu na baba. Halafu akaenda kutazama migomba. Migomba! Nilikasirika hata chai sikumpa. Amerudi Kericho na basi la mchana.

Jumatatu, 8 Aprili
Mzee amenyoa ndevu. Amepiga pasi koti. Sahani niliyompelekea imerudi imejaa. Ujumbe: atakula mezani au hatakula.

Jumanne, 9 Aprili
Imerudi tena. Mzee mkaidi! Nina hasira naye, na namhurumia, na hiyo huruma ndiyo inayonitia hasira zaidi. Sinema ni ya watu wa mbali, wakimaliza wanazima taa wanaenda zao. Mimi nitabaki hapa na Bathsheba. Leo mama huyo amepita njia yetu asubuhi na mchana, wala hana shughuli upande huu.

Jumatano, 10 Aprili
Jioni. Mvua kubwa. Mzee amekuja na kiti chake mwenyewe! Amesimama chini ya upenu, koti limelowa, mabega yamelegea. Siku tatu hajala. Kwa Bathsheba mlango uko wazi kabisa, anatazama, hata hajifichi. Na mimi nimekaa mezani naandika, ili mikono ipate kazi.
Hajabisha. Hajaniita. Amesimama tu —
Basi! Nimechoka na wote. Nimefungua mlango nikamwita baba kwa sauti, Bathsheba naye asikie: "Tata, pangusa miguu, sakafu nimeisiriba leo!"
Nimerudi kukaa. Nasikia anapangusa. Mguu mmoja. Wa pili. Wa kwanza tena. Kiti amekiingiza nusu, miguu miwili ndani, miwili nje. Yeye mwenyewe amekishika mgongo, macho kwenye kizingiti. Miguu yake ni safi kuliko sahani zangu.
Bado anapangusa.