Mama Yenu "Ametangulia"

Binti yangu na mumeo,

Leo mjinga ni mimi. Karani wa meli amepiga simu asubuhi kuuliza kama mama yenu bado anasafiri nami. Ulimi ukagoma kusema amekufa. Nikamwambia, "Ametangulia." Akafurahi: "Vizuri, mwambie atusubiri pale lango la abiria." Nimecheka mpaka nikalia.

Basi nendeni ninyi. Tiketi ziko chini ya birika, majina nimekwenda kuyabadilisha baada ya simu ile. Dawa ya kichefuchefu iwe kwenye mkoba, maana masanduku huchelewa kufika chumbani. Mkishuka kutembea, rudini mapema. Meli haijui mkwe wala mjomba. Na mkwe wangu, usijaze sahani siku ya kwanza, chakula hakikukimbii.

~~Nitawasindikiza bandarini.~~ Nimeenda kazini. Nikiiona ile ngazi ya meli nitawaaibisha.

Baba

Nyongeza: Msinishukuru mimi. Nilitaka kuzichana tiketi. Nilimwambia bibi, mama wa marehemu, kwamba kitanda cha mke wangu kule melini hakilali mtu mwingine. Akanijibu, "Niliyemzaa ni mimi, na leo nimeoga na nimekula. Wewe uliyemwoa tu, wape watoto tiketi."