Upande Usioshika Wino

Dada yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Goti linasemaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka paka anahama? Sisi huku wazima, ila bosi kaota kitambi, anadai shati ndilo limerudi.

Barua yako ya hasira imefika hapa studio. Tena umemwandikia bosi, siyo mimi! Kaisoma kwa sauti mbele yetu sote: picha ya marehemu mama imekuja ukungu mtupu, uso kama uko nyuma ya mvuke wa sufuria, na aliyeichapa afukuzwe. Dada, kalamu yako inachoma!

Aliyeichapa ni Bi Vidole. Hilo jina nimempa mimi. Miaka kumi na tisa nakata karatasi hapa na kufunga picha za wateja, halafu yeye kaja juzi tu, hachagui karatasi mpaka aipapase, aiinamishe dirishani, aulize picha itatundikwa wapi. Itatundikwa wapi! Si ukutani? Mimi siku zote natoa ile ya kung'aa, mteja anajiona kapendeza, kwaheri.

Nilipomwambia yako itakaa sebuleni mkabala wa dirisha, akasema ukiweka ya kung'aa utaliona dirisha, mama humwoni. Akatoa isiyong'aa, nzito, laini kama shuka lililofuliwa miaka. Akanishikisha, akaniuliza naionaje. Nikamjibu ya kawaida tu. Uongo mtupu, nilitamani kuilalia!

Bosi naye akawa hana lingine: Bi Vidole kasemaje, muulizeni Bi Vidole. Mie nacheka kuliko wote, moyoni nawaka.

Basi barua yako iliposomwa, nilingoja ajitetee. Wapi! Aliangalia vidole vyake, akasema karatasi ile inashika wino upande mmoja tu, huenda alikosea upande, anaomba radhi. Kumbe mimi najua hakosei. Huwa analowesha kidole kwa mate, anagusa kona. Upande unaonata ndio wenyewe, ule mwingine unakunywa wino kama mchanga. Bosi akamwambia asirudi tena. Akakunja aproni yake, akaja kuniaga mimi wa kwanza, akaniambia nimpe dada pole.

Dada, kaa chini. Ni mimi. Siku ile Bi Vidole aliitwa mbele kwa mteja, karatasi ishakaa kwenye mashine, nikaigeuza. Nilitaka achekwe siku moja tu. Ilipotoka vile nikaogopa, nikaifunga haraka na kukutumia kabla hajaiona. Mama yetu mwenyewe, nikamharibu uso kwa wivu.

Leo asubuhi nimemwambia bosi. Kanirudisha kwenye ufagio, kasema Bi Vidole arudi kazini, nami nimemfuata kwao mwenyewe, kwa miguu. Hakunitukana. Ningeona afadhali anitukane. Kaniuliza tu kama ukuta wako ni uleule.

Picha mpya ni hii, kachapa yeye, kwenye karatasi ileile. Tazama kitambaa cha mama kichwani, mkunjo mmoja mmoja unauona. Nimeiangalia mpaka machozi yamenitoka, na nikamwonea wivu upya.

Wabusu watoto, mwambie shemeji alale ubavu. Na mimi usininunie sana.

Mdogo wako,
Redio