Siku Uliyolitamka Jina Langu

Bibi Kokushima,

Mtoto amelala, mama yake naye kajinyoosha, na mbele yangu kuna daftari la maandalio ya somo ambalo leo sitaligusa. Nakuandikia wewe. Najua ungesema, kwa sauti yako ile ya kukwaruza, kwamba mwalimu mzima hana kazi mpaka anawaandikia wafu. Sema tu. Nimeyakosa maneno yako makali tangu tulipokuzika mwaka jana pale kibanjani kwako Kimwani, mvua ikinyesha kwenye migomba.

Nina habari ya kukupa, lakini niache nianzie mbali kidogo, ndivyo nilivyo.

Mwezi uliopita nilikuwa nawafundisha kidato cha tatu majazi, yaani pale mwandishi anapompa mhusika jina linalolingana na tabia yake. Mtu akiitwa Tamaa kitabuni, hata usipoendelea kusoma unajua tamaa itamponza. Binti mmoja wa dawati la mbele akaniuliza na jina langu lina maana gani. Wanaojua Kihaya wakaanza kucheka chini chini. Nshekanabo, nacheka nao. Nao ni kina nani? Ni wale wanaotuchukia, tunajua kwamba wanatuchukia, na bado tunacheka nao. Nikasema tuendelee na somo. Nilirudi nyumbani Nyanga, hapa Bukoba, jioni ile nikiona aibu, nikikuwaza wewe, maana hao waliokusudiwa katika jina langu mlikuwa wewe na marehemu mume wako.

Hadithi yenyewe unaijua kuliko mimi. Babu yangu na mume wako waligombana kwa ajili ya milamula, ile miti ya mpakani, kila mmoja akidai mwenzake ameing'oa na kuisogeza. Wazee wakaamua, milamula ikapandwa upya, lakini babu hakuridhika. Nilipozaliwa, haki ya kunipa jina ilikuwa yake. Akanipa hilo, kisha akawa ananiita kila jioni kwa sauti kubwa, uso ameuelekeza kwenu. Sijajua hata kutambaa, nimeshakuwa neno la kuwarushia majirani.

Wewe hukulipiza. Hukuniita kwa jina, basi. "Wewe wa ng'ambo," ndivyo ulivyoniita, hata siku zile uliponipitishia ndizi ya kuchoma katikati ya milamula huku ukinifokea nisidondoshe majivu upande wako. Na jina lako wewe maana yake shukrani! Sikuwahi kukusikia ukishukuru bila kuongeza lawama. Ukiletewa maji, yamechelewa. Ukiletewa kuni, ni mbichi. Ningekuandika kitabuni, mhariri angeniambia nikubadilishe jina.

Halafu ikaja siku ya mwisho ya kuandikishwa darasa la kwanza. Mama alikuwa amelazwa hospitali Bukoba, Tata, baba yangu, alikuwa huko anamwuguza, na babu alikwisha kufariki. Nikaenda shuleni peke yangu na cheti changu cha ubatizo. Mwalimu akaniuliza jina. Nyuma yangu walikuwa wamepanga mstari watoto wa kijiji kizima, wale wale waliokuwa wakinizomea kwa jina hilo tukichunga mbuzi. Nikasema naitwa Mugisha. Baraka, jina tamu, nani asingelitaka. Mwalimu akasoma cheti, akaniangalia, akanirudisha nyumbani. Nije na mtu mzima anayenijua, tena kabla ya saa sita.

Ulinikuta nimekaa mpakani nalia. Ulikuwa unamenya ndizi. Ukauliza, nikakueleza, tena kwa shida, maana utamwelezaje mtu kwamba unalikimbia jina ambalo alitupiwa yeye? Ulifuta utomvu mikononi kwa majani makavu, ukajifunga kitenge chako cha kanisani, ukanishika mkono. Tulipita katikati ya uwanja wetu, ambako sikuwahi kukuona umekanyaga. Na mbele ya mwalimu na mstari wote ule ukasema, "Huyu ni Nshekanabo. Ni mtoto wa kwetu. Mwandike."

Mara moja tu. Hukulitamka tena mpaka unaondoka duniani. Njiani kurudi ulinigombeza kwamba mtu halikani jina lake mbele ya watu, na kwamba natembea kama bata.

Tata aliporudi akakuta nimeshaandikishwa. Akauliza nani alinipeleka. Nikaogopa kukutaja, nikasema nilikwenda mwenyewe. Waliokuwa kwenye mstari walijua, lakini mbele ya Tata hakuna aliyethubutu kukutaja, na uongo ule ukakua kuliko mimi. Kila mgeni aliyekaribishwa kwetu alisimuliwa jinsi mwana wa Tata alivyojiandikisha shule mwenyewe, akiwa bado ananyonya kidole. Alisimulia hadi siku ya harusi yangu, kwenye kipaza sauti, na wewe umekaa kwako ng'ambo unasikia yote. Ulinyamaza. Siku ya mazishi yako Tata alikuja, akasimama karibu na milamula, akaondoka kabla ya chakula. Mimi nilishika koleo nikafukia kaburi, na mdomo nikaufunga. Hilo limenitafuna mwaka mzima, Bibi. Watu walitoa shukrani zao pale, kila mmoja na lake, na mimi niliyekuwa na kubwa kuliko wote sikufungua mdomo.

Sasa habari yenyewe. Tumepata mtoto wa kike. Jumamosi tulimpeleka Kimwani ili Tata ampe jina, maana sasa babu ni yeye. Alikuwa na jina tayari. Sitaliandika hapa. Inatosha ujue kwamba lilikuwa la kuwarushia wanao, ambao majuzi walikata mgomba wetu ulioinamia kwao. Kahawa ya kutafuna ilishapitishwa, Tata amenyoosha mikono ampokee mjukuu, nikasema, Tata, subiri kwanza. Nikamweleza yote, cheti, Mugisha, kitenge cha kanisani, mpaka neno la mwisho. Kisha nikamwomba mtoto aitwe Kokushima. Mke wangu alikuwa amemkumbatia mtoto, haangalii mtu.

Tata alifoka. Alisema nimemwacha miaka yote hii anawasimulia watu uongo kama mlevi. Nilikubali, ni kweli. Baadaye akaendelea kutafuna kahawa ambayo nadhani ilikwisha mdomoni zamani. Alipofungua mdomo aliuliza neno moja tu, "Alilitamka?"

Nikasema alilitamka. Mbele ya watu? Mbele ya watu wote.

Akamchukua mtoto. Akainuka, akatembea naye taratibu mpaka kwenye milamula, pale pale babu alipokuwa akisimama jioni. Uso akauelekeza kwako. Mpaka dakika hiyo sikujua atasema lipi. Akaita kwa sauti kubwa, "Kokushima!" Mwanao mkubwa alikuwa anapalilia karibu na kaburi lako. Akasimamisha jembe, akatutazama, na Tata akaita tena. Ndipo mwanao akaitika kwa niaba yako.

Nililia mbele ya Tata, sikujificha.

Jumatatu nilirudi darasani nikamjibu yule binti. Niliwaambia mwandishi wa kitabu humpa mtu jina akiwa ameshaujua mwisho wake, lakini sisi tunapewa kabla hatujafanya lolote, kwa hiyo kazi inabaki kwetu. Kisha nikawasimulia habari zako. Hawakucheka.

Basi nikuage. Nakuahidi wajina wako atajua jina hili limetoka kwa nani, pamoja na ukali wako, sitakupamba. Siku ya kumwandikisha shule nitampeleka mimi, na hata kama shule itakuwa huku Bukoba, tutafika kwanza Kimwani, tupite katikati ya milamula hadi kaburini kwako. Na mwalimu akimwuliza jina, nitamwacha alitaje mwenyewe, kwa sauti.

Wakola muno, Bibi. Asante sana. Nimechelewa, najua, utalalamika. Pumzika kwa amani.

Ni mimi, Nshekanabo,
wa ng'ambo.